Keki ya mlango wa Kizanzibari: mwongozo kamili wa keki ya siku ya kuzaliwa inayohimili joto letu

Keki nyingi ninazooneshwa haziharibikii jikoni. Zimepikwa vizuri, zimeumuka, zinanukia. Halafu zinapambwa saa nane mchana, madirisha wazi, na ifikapo saa kumi krimu imeteremka hadi kwenye sahani na farasi wa fondanti amelala ubavu. Mwenye keki anaulaumu mkono wake, na mkono hauna kosa. Mapishi aliyoyafuata yameandikwa kwa nchi ambazo siagi ikiachwa mezani inabaki siagi. Hapa kwetu, msimu wa kaskazi, mchana hufika nyuzi 32 na kupita, na joto hilohilo ndilo linaloigeuza siagi kuwa mafuta.

Sasa nafanya hivi: nachagua umbo linalolala. Hakuna gorofa tatu, hakuna mdoli wa kusimama. Mlango wa Kizanzibari umekaa kama uliumbwa kwa kazi hii. Ni mstatili, una rangi ya mbao ambayo kakao inaitoa yenyewe, nakshi zake zinachorwa kwa vitu vilivyomo nyumbani, na ukilazwa hauna pa kuangukia.

Wa kwanza nilimpikia baba yangu, seremala. Alivaa miwani, akainama, akaweka ukucha juu ya mfaa, ule mti wa katikati unaokaa baina ya mbao mbili za mlango, akasema: "Huu umekwenda upande." Ndiyo maana utaona rula kwenye orodha ya vifaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kikombe ninachokitaja hapa ni cha mililita 250, cha kupimia, siyo kikombe cha chai cha nyumbani ambacho kila nyumba ina chake. Ukiwa na mizani, tumia mizani. Keki nyingi zinazotoka kavu zimekavuka kwa unga uliozidi, kwa sababu mtu ameshindilia unga kikombeni.

Kwa keki:
- unga mweupe wa ngano gramu 300 (vikombe 2 na nusu, usishindilie)
- sukari gramu 300 (kikombe 1 na nusu)
- kakao isiyo na sukari gramu 60
- bekingi pauda kijiko 1 na nusu cha chai
- magadi soda kijiko 1 cha chai, cha kusawazisha
- chumvi nusu kijiko cha chai
- iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai
- mayai 3
- mafuta ya kupikia mililita 180
- mtindi usio na sukari kikombe 1
- kahawa nyeusi ya moto mililita 180
- arki ya vanila kijiko 1 cha supu

Kahawa iwe tupu. Ile ya barazani iliyotiwa tangawizi niliwahi kuitumia kwa uvivu, na wageni wakaniuliza kama nina mafua.

Kwa krimu:
- siagi gramu 150
- mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu gramu 150
- sukari ya unga, yaani aisingi, gramu 500
- kakao gramu 80
- maziwa vijiko 3 au 4 vya supu
- chumvi kidogo

Kwa donge la maziwa, ambalo ndilo litakalokuwa miimo (miti ya pembeni ya mlango), mfaa na njumu (misumari ya mapambo):
- maziwa ya unga gramu 150
- sukari ya unga gramu 150
- maziwa mazito ya kopo, takriban gramu 130, ila usiyatie yote kwa mara moja
- kakao vijiko 2 au 3 vya supu
- rangi ya manjano ya chakula, au bizari ya manjano kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili

Vifaa: treya ya sentimita 23 kwa 33 yenye kina cha sentimita 5, karatasi ya kuokea, chekeche, mchapo au mashine ya kupigia mayai, kisu kirefu, rula, kibao na mti wa kusukumia chapati, uma, vijiti vya meno, mrija mmoja, na kizibo cha soda kilichooshwa vizuri. Kizibo usikisahau. Utaona kazi yake.

Mwisho, tafuta ubao au sinia bapa la kuwekea keki, lizidi keki kwa sentimita 4 kila upande. Lisiwe linapinda. Ubao ukipinda krimu hupasuka, na hakuna krimu inayoweza kuzuia hilo.

## Siku tatu za kazi, siyo moja

Wengi wanaoshindwa wanataka kumaliza yote siku moja. Kama sherehe ni Jumamosi baada ya alasiri, donge la maziwa na njumu vifanywe Alhamisi, keki ichomwe Ijumaa usiku, mapambo yafanywe Jumamosi alfajiri ukishasali, kabla jua halijapanda. Saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi ndiyo saa ambazo siagi inakutii. Baada ya hapo unashindana nayo.

## Hatua ya 1: Donge la maziwa na njumu (siku mbili kabla)

Kwa nini siyo fondanti ya dukani? Fondanti inavuta unyevu wa hewa. Masika yakiwa yamekaza, utaiona imeng'aa, kisha imekuwa na utelezi, kisha inateleza kweli. Na watu wetu hawaipendi. Wanaibandua na kuiacha pembeni ya sahani. Donge la maziwa linaliwa. Ladha yake iko karibu na labania, na watoto watagombania mabaki.

Chekecha maziwa ya unga pamoja na sukari ya unga. Tia maziwa mazito vijiko viwili viwili huku ukichanganya kwa mkono. Itaanza kama chenga, halafu itashikana. Simama mara tu inaposhikana, kanda dakika mbili, kisha iache dakika kumi. Maziwa ya unga yanaendelea kunywa unyevu, kwa hiyo donge linaloonekana laini sana sasa hivi litakaza lenyewe. Wanaoharakisha kuongeza sukari hapa hupata donge linalopasuka kesho.

Kata sehemu moja kwa tano, itie rangi ya manjano. Ukitumia bizari, kiasi hicho kidogo hakisikiki mdomoni, ila ukizidisha utakuwa na keki ya mchuzi. Sehemu kubwa iliyobaki itie kakao na uikande hadi iwe na rangi ya msaji, bila mabaka.

Dalili ya kufaulu: bonyeza kwa dole gumba. Alama ibaki, kingo zisipasuke, na kidole kitoke safi. Likinata, ongeza maziwa ya unga kijiko kimoja. Likipasuka, ongeza tone la maziwa mazito.

Donge la kahawia lifunge kwenye plastiki ya chakula, lisipate hewa kabisa, ulitie kwenye chombo chenye kifuniko. La manjano ndilo la njumu, na linafanyiwa kazi leo. Fanya vidonge 50 vya ukubwa wa mbaazi kubwa, kimoja kimoja, kisha kibonyeze chini kidogo ili kikae bila kubingirika. Utahitaji 42, nane ni za kuvunjika na za kuibwa. Zipange kwenye sahani, funika kwa kawa, ziache hadi Jumamosi zikauke juu.

Onyo: chungu. Sahani ya donge la maziwa iliyoachwa mezani usiku ni karamu yao. Weka sahani juu ya bakuli lililopinduliwa katikati ya sinia lenye maji. Usizitie njumu kwenye friji. Nitaeleza kwa nini kwenye Hatua ya 7.

## Hatua ya 2: Kuchoma keki (usiku wa kuamkia sherehe)

Washa oveni nyuzi 175 mapema, dakika 20 kabla. Pakaza treya mafuta na utandike karatasi ya kuokea, na iache karatasi itokeze pande mbili ndefu. Hivyo ndivyo vishikio vyako vya kuitolea keki.

Chekecha pamoja unga, kakao, bekingi pauda, magadi soda, chumvi na iliki. Chekecha mara mbili. Kakao hupenda kujificha kwenye vibonge, na kibonge cha magadi soda kikibaki, aliyekipata atakikumbuka.

Bakuli lingine, piga mayai na sukari dakika tatu hadi yawe meupe kidogo. Tia mafuta, mtindi na vanila. Mimina mchanganyiko huu juu ya unga, koroga kwa mwiko hadi usione unga mkavu, basi. Ukiendelea kukoroga unga wa ngano unaanza kuvutika kama wa chapati, na keki inakuwa ngumu. Mwisho tia kahawa ya moto kidogo kidogo. Moto ndio unaoifungua kakao itoe ladha yake. Rojo litakuwa jepesi kuliko ulivyozoea. Usiogope, na usiongeze unga.

Mimina, gonga treya mezani mara mbili kutoa mapovu, choma dakika 35 hadi 40. Usifungue mlango wa oveni kabla ya dakika 25. Katikati ya keki bado ni rojo linaloshikiliwa na hewa ya moto, na ubaridi ukiingia hubonyea na halinyanyuki tena.

Imeiva ukiona kingo zimeanza kujitenga na treya, katikati inarudi ukiibonyeza kwa kidole, na kijiti cha meno kinatoka na chenga mbili tatu zenye unyevu. Kijiti kikitoka kikavu kabisa, umeichelewa kidogo. Kikitoka na rojo, dakika tano zaidi.

### Kama huna oveni

Tunapalia, kama ilivyo kwa mkate wa mayai. Chukua sufuria pana ya sentimita 30 kwa ndani, isiyo na mpini wa plastiki, itandike karatasi. Kwenye sufuria kubwa zaidi weka mchanga mkavu kina cha vidole viwili, uweke juu ya jiko la mkaa dakika 15 upate moto, kisha tia sufuria ya keki ndani. Funika kwa bati au sinia bapa na utie makaa juu yake. Kosa la wengi ni makaa mengi chini. Kati ya makaa matatu, moja liwe chini na mawili juu. Moto wa chini unaunguza, moto wa juu unaivisha.

Kupima moto kabla ya kutia keki: nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha bati au karatasi ya alumini, uweke ndani, ufunike. Baada ya dakika tano ukiwa umegeuka kahawia hafifu, moto uko sawa. Ukiwa mweusi, punguza makaa.

Keki hii ni ya duara, na mlango ni mstatili. Hamna neno. Duara la sentimita 30 linatoa ndani yake mstatili wa 18 kwa 24 kamili. Vile vipande vinne vya pembeni wape watoto, na utapata amani ya kufanya kazi asubuhi.

### Umeme ukikatika katikati

Kama keki imeshakaa dakika 25 au zaidi, zima swichi, usifungue mlango. Oveni iliyokwisha kupata moto inaendelea kuivisha; iache nusu saa ndipo uipime kwa kijiti. Kama ndiyo kwanza umeitia, washa mkaa. Usiiache rojo ikisubiri umeme, kwani magadi soda yameshaanza kazi tangu yalipokutana na mtindi na hayatakusubiri.

## Hatua ya 3: Kupoza, na kusawazisha

Ikitoka, iache kwenye treya dakika 15, kisha ivute kwa vishikio vya karatasi uiweke juu ya waya au juu ya vijiti viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Ikishapoa kabisa, ifunge kwenye plastiki ya chakula na uilaze usiku kucha. Friji inafaa kwa keki tupu. Imechomwa kwa mafuta, siyo siagi, kwa hiyo haigandi ikawa jiwe.

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila aliyenionesha keki iliyoteremka. Keki ikiwa ya moto katikati, hata kama juu imepoa, inayeyusha krimu kutokea chini na wewe unadhani krimu ni mbaya. Weka kiganja chini ya keki, kwenye kitovu chake. Ukisikia uvuguvugu wowote, bado.

Asubuhi, kata ule mgongo ulionyanyuka juu kwa kisu kirefu, taratibu, jicho likiwa usawa wa keki. Kisha igeuze chini juu. Upande uliokuwa chini ya treya ni bapa na hauna chenga, huo ndio uso wa mlango wako. Piga rula. Keki hujikaza kidogo ikipoa, kwa hiyo usishangae kukuta 22 badala ya 23. Krimu itarudisha kilichopungua.

## Hatua ya 4: Krimu isiyokimbia

Siagi peke yake haiwezi mchana wetu. Mafuta ya mgando peke yake yanaweza, lakini yanaganda kwenye kaakaa la mdomo kama mshumaa. Nusu kwa nusu ndiyo suluhu niliyotulia nayo: siagi inaleta ladha, mafuta yanaleta uti wa mgongo.

Piga siagi na mafuta dakika tano hadi yawe meupe. Chekecha aisingi na kakao pamoja, tia mara nne, piga kila ukitia. Maziwa kijiko kimoja kimoja, mwishoni, na simama krimu ikiweza kusimama kwenye mwiko uliogeuzwa.

Aisingi iwe ya dukani. Sukari ya kawaida iliyosagwa kwenye blenda inabaki na mchanga, na ukiingojea iyeyuke utangoja hadi Isha.

Ikilegea mkononi mwako, usiongeze sukari. Weka bakuli ndani ya beseni la maji ya barafu dakika tano, kisha endelea kupiga. Ikirudi, tatizo lilikuwa joto. Sukari ya ziada ingeifanya tamu na bado legevu.

## Hatua ya 5: Kupaka mara mbili

Bandika keki kwenye ubao kwa krimu kijiko kimoja ili isitembee. Paka tabaka jembamba kila mahali, hata ukiona keki kwa ndani, sawa. Hili ni la kukamata chenga. Itie friji dakika 20 hadi 30, au kama huna friji, iweke mahali penye kivuli na ubaridi, iguse hadi isinate kidoleni.

Tabaka la pili liwe la unene wa nusu sentimita. Sawazisha kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa. Usihangaike kuwa kama kioo. Mlango ni mbao, na mbao ina nyuzi: krimu ikiwa bado laini, vuta uma kutoka juu kwenda chini kwenye sehemu za mbao mbili, wepesi, mkono usisimame njiani. Mistari ikipinda kidogo ni bora zaidi.

## Hatua ya 6: Kuujenga mlango

Hapa ndipo rula inapokula mshahara wake. Vipimo vya keki ya 23 kwa 33, ikisimama wima:

- kizingiti cha juu: sentimita 6 kwenda chini, upana wote
- mwimo wa kushoto na wa kulia: sentimita 3 kila mmoja
- mfaa katikati: sentimita 3
- kila ubao wa mlango: sentimita 7

Jumlisha: 3, 7, 3, 7, 3 ni 23. Kama yako imepungua, punguza kwenye mbao, usiguse mfaa. Kwa ile ya sufuria ya 18 kwa 24: kizingiti 5, miimo 2 na nusu, mfaa 2, mbao 5 na nusu kila mmoja.

Chora mistari juu ya krimu kwa kijiti cha meno kabla hujaweka chochote. Pima mfaa kutoka pande zote mbili, juu na chini, mara nne. Mimi nilipima juu tu, na mnajua kilichonipata.

Sukuma donge la kahawia juu ya karatasi ya kuokea iliyonyunyizwa maziwa ya unga, unene wa milimita 4. Kata vipande vyako kwa rula, na usivinyanyue bado. Nakshi zinachorwa zikiwa zimelala kwenye kibao, kwa sababu ukibonyeza juu ya keki unaibonyeza keki.

Mnyororo, ile nakshi ya pingu inayozunguka milango mingi ya Mji Mkongwe, unatokana na mrija. Bonyeza duara, kisha duara jingine likilipanda la kwanza kwa theluthi, endelea hadi mwisho wa mwimo. Ukifika katikati mkono utazoea, na ule mstari wa kwanza utaonekana mbaya. Uweke upande wa chini, hakuna atakayeutazama.

Waridi za kizingiti ni kizibo cha soda. Kigeuze upande wenye meno, kibonyeze kidogo, kisha kwa kijiti cha meno chora petali kutoka katikati hadi kwenye kila jino. Waridi moja kubwa katikati na mbili ndogo pembeni zinatosha. Mfaa uchoreeni mistari ya mshazari inayokatana, na kitone kwenye kila chumba.

Baadhi ya milango halisi huwa na maandishi kwenye kizingiti, mara nyingi aya au tarehe. Aya usiandike. Keki itakatwa kwa kisu, italiwa, chenga zitaanguka sakafuni na kukanyagwa. Andika jina la mwenye siku yake na mwaka aliozaliwa, kwa kijiti cha meno, herufi zikiwa na nafasi.

Sasa nyanyua kila kipande kwa karatasi yake, kigeuzie kiganjani, kilaze mahali pake. Anza na mfaa, kisha miimo, kizingiti mwisho kifunike viungo. Gusa kwa ncha za vidole tu. Krimu bado ina mnato, hutahitaji gundi.

Njumu zimebaki. Safu tatu kwa kila ubao, njumu saba kwenda chini, umbali wa sentimita 3 na nusu kutoka moja hadi nyingine. Kwa keki ndogo, safu mbili na njumu tano. Watu husimulia kwamba asili ya misumari hii ni Bara Hindi, ya kuwazuia tembo wasisukume milango. Huku hakuna tembo, lakini kuna watoto wa kaka yangu, na njumu hazijawahi kuwazuia.

Kama donge la manjano limebaki, sokota mnyororo mwembamba wa komeo na kufuli dogo, uuweke katikati chini ya kimo cha kifua. Lisipobaki, mlango bado ni mlango.

Dalili ya kufaulu hapa ni moja: rudi nyuma hatua tatu. Kama jicho linaona mlango kabla halijaona keki, umemaliza. Acha kuugusa.

## Hatua ya 7: Kuitunza hadi saa ya sherehe

Bora ni chumba chenye kivuli, chini ya kawa au sanduku la karatasi, mbali na dirisha la jua. Iliyopambwa saa mbili asubuhi itafika saa kumi na moja jioni bila tatizo siku za kawaida.

Friji ni ya dharura, kwa zile siku za Februari ambazo hata kivuli kina joto. Hatari yake haiko ndani ya friji, iko pale unapotoa. Unajua gilasi ya maji baridi inavyolia ikiwekwa mezani: hewa yetu ina unyevu mwingi, ukigusa kitu baridi unageuka maji. Keki nayo inalia, njumu za manjano zinaanza kutiririsha rangi. Kwa hiyo iingie friji ikiwa ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, na ikitoka isifunguliwe kwa saa moja. Maji yatakaa juu ya sanduku, si juu ya mlango.

## Hatua ya 8: Kuisafirisha

Sanduku lisiwe kubwa kuliko ubao. Chini ya ubao tia kitambaa kinyevu kilichokamuliwa ili usiteleze. Kwenye gari, keki inakaa sakafuni, siyo mapajani; paja linateremka upande mmoja na hulijui hadi ufike. Daladala usiipande na keki saa ya watu kutoka kazini. Bodaboda usithubutu. Na kama inakwenda Pemba kwa boti, usiipambe Unguja. Safirisha keki iliyofungwa, krimu kwenye chombo, vipande vya donge vikiwa vimelazwa kati ya karatasi, ukamalizie Chake Chake au Wete. Kujenga kwenyewe ni saa moja.

## Kukata

Kisu cha moto, kikavu. Anza chini, kata mistari inayopita kwenye mbao mbili, panda kwenda juu. Mfaa ukiwa na unene wa donge utakivuta kisu, kwa hiyo ukate kwanza kando zake zote mbili kutoka juu hadi chini, ndipo ukate vipande vya kawaida, takriban 24 kwa keki kubwa. Kizingiti chenye jina mpe mwenyewe, kizima.

Baba yangu hakula cha kwake. Alikitia friji, na baada ya siku tatu mama akamkuta jikoni usiku, anazing'oa njumu moja moja kwa kisu cha seremala na kuzitia mdomoni. Siku tatu kwenye friji ni sawa, nne ni mwisho. Ikiachwa nje, siku ya pili imalizeni.